Louis Kahn: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha na Kazi Zake

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa usanifu majengo, mafundi wadadisi, na yeyote aliyesikia jina la Louis Kahn likitajwa kwa heshima akajiuliza mtu huyu alijenga nini hasa. Maswali kuhusu familia zake yako kuelekea mwisho. Najua ndiyo wengi huyatafuta kwanza, lakini yanaeleweka vizuri zaidi ukishaijua kazi yenyewe.

Louis Kahn alikuwa nani, kwa kifupi?

Msanifu majengo wa Marekani aliyezaliwa 1901 na kufariki 1974. Philadelphia ndiko alikokulia, alikosoma na alikokuwa na ofisi. Majengo yake makubwa unaweza kuyahesabu kwa vidole. Matano yanatajwa kila mahali: Taasisi ya Salk huko California, makumbusho ya sanaa ya Kimbell huko Texas, maktaba ya shule ya Phillips Exeter katika jimbo la New Hampshire, chuo cha uongozi cha Ahmedabad nchini India, na Bunge la Bangladesh mjini Dhaka. Yote matano alianza kuyachora akiwa ameshavuka miaka 55. Wasanifu wa Marekani walimpa Medali yao ya Dhahabu 1971, na wenzao wa Uingereza wakampa ya kwao mwaka uliofuata.

Je, alizaliwa Marekani?

Hapana. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi huko Estonia, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Dola la Urusi, na jina alilopewa ni Itze-Leib Schmuilowsky. Miaka yake ya mwanzo inahusishwa na kisiwa cha Saaremaa, chenye ngome ya mawe ya zama za kati. Baba alitangulia Marekani, mama na watoto wakamfuata 1906, na baadaye familia ikachukua jina la Kahn. Walikuwa maskini. Kijana Louis aliingiza senti kwa kupiga piano kwenye kumbi za sinema zisizo na sauti, na ufadhili wa masomo ulipokosekana kazi hiyohiyo ilimsaidia kusoma.

Yale makovu usoni yalitokana na nini?

Moto. Akiwa na umri wa miaka mitatu hivi alivutiwa na rangi ya makaa yanayowaka, akayazoa na kuyaweka kwenye aproni yake. Yakalipuka, uso na mikono ikaungua, na makovu yakabaki mdomoni na kidevuni maisha yake yote. Ndani ya familia ilisimuliwa kwamba baba aliona afadhali mtoto afe kuliko kuishi hivyo, lakini mama akasema ataishi na atakuwa mtu mkubwa. Waandishi wengi hupenda kuunganisha tukio hilo na mapenzi yake ya mwanga. Huenda, ila mimi naona ni rahisi mno. Mapenzi ya mwanga peke yake hayamfundishi mtu kumimina zege.

Kwa nini alichelewa hivyo kujulikana?

Kwanza kwa bahati mbaya ya majira. Alihitimu Chuo Kikuu cha Pennsylvania 1924, akiwa amefundishwa na Paul Cret, Mfaransa aliyekuwa akifundisha kwa mtindo wa kale: mihimili ya ulinganifu, ngazi kuu, kumbi zinazofuatana kwa mpango. Mnamo 1928 akaenda Ulaya kuchora na kutembea. Aliporudi 1929, uchumi wa dunia ukaanguka mwaka huohuo. Kazi za ujenzi zikakauka na ofisi zikafunga milango. Kahn, akiwa ameshamwoa Esther Israeli mwaka 1930, alibaki bila ajira kwa muda, na mkewe ndiye aliyekuwa akileta mshahara nyumbani. Waliishi kwa wakwe zake kwa miaka mingi mno kuliko mtu angetegemea kwa msanifu maarufu.

Pili, alichofanya wakati huo hakikuwa cha kuleta sifa. Alikusanya wasanifu wenzake wasio na kazi wakaanzisha kikundi cha kutafiti makazi ya watu wa kipato cha chini. Kisha akashiriki kwenye mradi wa serikali wa Jersey Homesteads, nyumba za mafundi cherehani wa Kiyahudi, na wakati wa vita akiwa na wasanifu wenzake George Howe na Oscar Stonorov akachora Carver Court huko Coatesville, mtaa wa familia za Wamarekani weusi waliofanya kazi kwenye viwanda vya chuma. Ni kazi nzuri, za adabu, na zilizojaa mawazo ya kijamii. Lakini ukizitazama leo huoni Kahn yule. Unaona msanifu makini anayejenga kama wenzake wa wakati wake: kuta nyepesi, paa bapa, madirisha ya mlalo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, hakuwa bado amejua anataka kusema nini. Kizazi chake kilikuwa kimeambiwa historia ni mzigo. Yeye alikuwa amefundishwa historia na Cret kisha akaamrishwa aisahau, na ilimchukua miaka 25 kukataa amri hiyo.

Ni nini kilichotokea Roma?

Mwishoni mwa 1950, akikaribia miaka 50, alikaa miezi kadhaa kwenye Chuo cha Marekani kilichoko Roma. Kutoka hapo alizuru Ugiriki na Misri, akichora kwa chaki za rangi mahekalu, piramidi na magofu. Gofu lina kitu kimoja ambacho jengo jipya halina: madirisha yameanguka, milango imeoza, plasta imebanduka, na kilichobaki ni ukuta, uwazi na jua. Kahn aliona kwamba hicho kilichobaki ndicho jengo lenyewe. Tangu hapo akaacha kuta nyembamba za kioo na kuanza kutafuta uzito.

Akiwa hukohuko Roma ndipo kazi ya kupanua jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale ilipothibitishwa. Lilifunguliwa 1953. Dari lake ni la zege lililopangwa kwa pembetatu, na ndani ya nafasi za pembetatu hizo zimepita nyaya na mabomba ya hewa. Hakuna dari ya bandia ya kuficha kitu.

Watu husema aligawa majengo kuwa nafasi zinazohudumiwa na zinazohudumu. Maana yake nini?

Kila jengo lina vyumba vya watu na lina vitu vya kuwawezesha watu kukaa humo: ngazi, vyoo, mabomba, lifti, stoo, mashine za hewa. Wasanifu wengi wa wakati ule waliviminya hivi vya pili popote palipopatikana nafasi. Kahn alisema vipewe nyumba yao, ionekane, iwe na heshima yake.

Wazo lilikomaa kwenye kijengo kidogo sana, vyumba vya kubadilishia nguo vya bwawa la kuogelea la jumuiya ya Kiyahudi karibu na Trenton, New Jersey, mwaka 1955. Vyumba vinne vya matofali ya saruji vimezunguka ua ulio wazi, kila kimoja na paa la piramidi. Kwenye pembe kuna nguzo nene zilizo wazi ndani, na humo ndimo zilimokaa njia za kuingilia, vyoo na mitambo ya maji. Hakuna kitu cha bei ghali hapo. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alijigundua kwenye kazi hiyo. Kama unasomea usanifu na unataka kuchora upya jengo moja la Kahn ili ulielewe, chora hili, si Bunge la Dhaka.

Ni kweli wanasayansi walilalamikia maabara alizowajengea Philadelphia?

Ni kweli. Maabara ya utafiti wa tiba ya Richards, yaliyofunguliwa 1960 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, yalimpa umaarufu wa dunia. Minara mirefu ya matofali imebeba mabomba na ngazi, na kati yake kuna maabara ya vioo. Jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York liliyafanyia maonyesho. Watafiti waliokuwemo ndani waliona mambo mengine: jua liliwapiga machoni, vyumba vilikuwa vidogo, vumbi likajikusanya kwenye mabomba yaliyoachwa wazi. Wakabandika karatasi za alumini kwenye vioo.

Wapenzi wa Kahn hulipita jambo hili haraka. Silipiti, kwa sababu hapo ndipo alipojifunza. Makosa mawili ya Richards, jua lisilodhibitiwa na mabomba yasiyo na pa kukaa, ndiyo yaliyoongoza kila alichofanya baadaye.

Taasisi ya Salk ilikuwaje basi?

Jonas Salk, aliyetengeneza chanjo ya polio, alimwendea Kahn mwishoni mwa 1959 kuomba ushauri tu. Alitaka maabara ambapo angeweza kumkaribisha hata Picasso. Jiji la San Diego lilikuwa limempa kiwanja juu ya jabali la La Jolla, ukingoni mwa bahari ya Pasifiki. Mazungumzo yakageuka kuwa kazi.

Mpango wa mwanzo ulikuwa na majengo manne ya maabara na bustani mbili. Michoro ilikuwa imefika mbali Salk alipoona kuna kasoro na kuomba waanze upya. Ni wateja wachache wenye ujasiri huo, na ni wasanifu wachache zaidi wanaokubali bila kununa. Kahn alikubali, na majengo manne yakawa mawili yanayotazamana.

Safari hii mabomba yalipata makazi ya kifalme. Kila ghorofa ya maabara ina ghorofa nzima ya huduma juu yake, yenye kenchi za zege na kimo cha kumtosha fundi kutembea wima. Mtafiti akihitaji gesi au umeme mahali pengine, fundi hupanda juu na kazi ya chini haisimami. Kwa sababu hiyo maabara yale yanafanya kazi mpaka leo ingawa sayansi yake imebadilika kabisa. Upande wa ua viko vyumba vidogo vya kusomea vyenye paneli za mbao za mtiki, na kuta zake zimekatwa mshazari ili kila mtafiti aione bahari.

Zege lenyewe liliachwa kama lilivyotoka kwenye fomu, yaani mbao za kumiminia zege. Viungo vya mbao vinaonekana, na matundu ya vyuma vya kushikia fomu yalizibwa kwa madini ya risasi badala ya kupakwa saruji. Hapa kwetu fundi hukimbilia plasta ili kufunika. Kahn aliamini alama ya namna kitu kilivyotengenezwa ndiyo pambo lake, na alipanga kila alama ikae wapi kabla zege halijamiminwa.

Kuhusu ua, alikusudia kupanda miti. Alimwita msanifu wa Mexico, Luis Barragán, naye akamwambia asipande hata mmoja, aache uwanja wa jiwe, na jengo litapata uso mwingine unaotazama mbingu. Kahn akafuata. Kilichowekwa ni mfereji mwembamba wa maji unaokwenda moja kwa moja kuelekea baharini.

Je, Kahn aliwahi kufanya kazi Afrika?

Aliwahi, na ninashangaa jambo hili linavyotajwa kwa mstari mmoja tu. Mwaka 1959 serikali ya Marekani ilimpa kazi ya kuchora ubalozi mdogo na makazi ya balozi mdogo mjini Luanda, Angola ikiwa bado koloni la Wareno. Alisafiri akatazama. Mradi haukujengwa kamwe, lakini alichokiona huko ndicho kilichojenga Dhaka.

Aliona kwamba jua la Luanda si tatizo la joto pekee. Ni tatizo la macho. Ukikaa ndani na kutazama dirishani, ung'avu wa nje unakupofusha, na kila kitu kilicho kati yako na dirisha kinakuwa kivuli cheusi. Kisha akaona wenyeji walivyolimaliza suala hilo bila msanifu: mtu akitaka kufanya kazi alielekeza kiti chake ukutani, akatumia mwanga unaorudishwa na ukuta, uliotulia. Anayeishi pwani ya Afrika Mashariki na kushona au kusuka ukili barazani mchana hahitaji kuelezwa zaidi.

Kahn akarudi Philadelphia na wazo: mbele ya kila dirisha simamisha ukuta mwingine, peke yake, wenye tundu kubwa. Mwanga mkali upige ukuta wa nje, uvunjwe nguvu, ndipo uingie. Juu, tenganisha paa la mvua na paa la jua, hewa ipite katikati. Alisema alikuwa anazungushia majengo magofu. Yale magofu aliyoyachora Misri na Roma yakapata kazi ya kufanya.

Sehemu hii ya maisha yake ingefaa kufundishwa kwenye kila chuo cha usanifu cha bara hili. Tumejaza miji yetu majengo ya vioo vinavyotaka mapazia na viyoyozi saa sita mchana, wakati jibu lililobadilisha usanifu wa karne ya 20 lilichukuliwa kwa watu wa Luanda waliokaa wakitazama ukuta.

Ilikuwaje Myahudi kutoka Philadelphia akajenga Bunge la nchi ya Waislamu wengi?

Mwaka 1962 Bangladesh haikuwepo. Ilikuwa Pakistani Mashariki, na serikali ya Ayub Khan iliamua kujenga mji mkuu wa pili Dhaka. Kazi ilipelekwa kwa Muzharul Islam, msanifu mkubwa wa Bengal aliyesoma pia Yale. Badala ya kuichukua mwenyewe, alipendekeza aitwe bingwa wa dunia ili nchi ipate jengo la kujifunzia. Inasimuliwa kwamba wasanifu mashuhuri wa Ulaya, Le Corbusier na Alvar Aalto, walifikiriwa kwanza, ikashindikana, akaja Kahn.

Tendo la Muzharul Islam linastahili kutajwa kila tunapotaja jengo hili. Msanifu kuitoa kazi ya maisha yake kwa hiari si jambo la kila siku.

Dhaka imekaa kwenye tambarare la mito na mafuriko. Kahn alichimba udongo akainua ardhi, na shimo likawa ziwa linalolizunguka Bunge. Jengo ni kundi la vipande vinane vilivyouzunguka ukumbi wa wabunge. Kuta za nje zimetobolewa kwa duara, pembetatu na mistatili mikubwa isiyo na vioo. Vioo viko ndani, nyuma ya kivuli. Ndiyo Luanda hiyo.

Nchi haikuwa na mitambo mikubwa. Vibarua walipanda jukwaa za mianzi wakibeba zege vichwani kwa makarai, na kwa siku ukuta uliweza kupanda kama futi 5. Kila kiungo kati ya zege la jana na la leo kingeonekana kibaya, hivyo Kahn akakipa utepe wa marumaru nyeupe. Ile mistari myeupe inayopamba jengo zima ni kalenda ya vibarua. Pia inamwaga maji ya mvua mbali na ukuta.

Upande mmoja upo msikiti. Jengo lote limefuata mhimili mmoja, lakini kipande cha msikiti kimegeuzwa kidogo, kimepinda nje ya mstari, kwa sababu kibla hakifuati mhimili wa msanifu. Angeweza kuugeuza ukumbi wa ndani tu na kuficha. Aliuacha upindo uonekane.

Vita vya ukombozi vya 1971 vilisimamisha kazi. Watu wa Dhaka husimulia kwamba marubani hawakulipiga kwa kudhani ni gofu la kale. Ni hekaya tamu, na ichukue hivyo. Serikali mpya ya Bangladesh iliamua kuendelea, na jengo likakamilika 1982, miaka minane baada ya Kahn kufa. Aliyelisimamia hadi mwisho ni Henry Wilcots, msanifu Mmarekani mweusi kutoka ofisi yake, ambaye jina lake haliko midomoni mwa watu kama linavyostahili. Mwaka 1989 lilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, ya Aga Khan yuleyule ambaye hospitali na shule zenye jina lake tunazijua Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa.

Wapo waliouliza kama nchi maskini ilihitaji jengo la gharama hiyo. Swali ni halali. Wabangladeshi wenyewe wameliweka kwenye noti zao.

Ni kweli alizungumza na tofali?

Ndiyo, darasani, na zaidi ya mara moja. Aliwaambia wanafunzi: ukiliuliza tofali linataka nini, litajibu, "Napenda tao." Ukiliambia matao ni ghali na unaweza kuweka linta ya zege, bado litasema napenda tao. Watu hulichukulia kama fumbo la kishairi, lakini ni fizikia. Tofali hubeba mgandamizo vizuri na huvunjika likivutwa. Nenda Ahmedabad uone lilivyojibiwa: matao mapana ya matofali, na chini yake ukanda wa zege unaozuia miguu ya tao isitanuke. Mradi huo aliuongoza akishirikiana na msanifu wa India, Balkrishna Doshi.

Kwa nini Kimbell inaitwa makumbusho bora ya kuangalia picha?

Kwa sababu jua la Texas linaingia ndani bila kuchoma picha. Jengo lilifunguliwa 1972 mjini Fort Worth. Lina mapaa 16 ya zege yaliyopinda, kila moja lenye urefu wa takriban mita 30, yakiwa yamepangwa sambamba. Mkunjo wake ni saikloidi, yaani mstari unaochorwa na nukta iliyo ukingoni mwa gurudumu linapobingirika. Juu kabisa, pale ambapo tao hupata nguvu zake, Kahn alipasua upenyo mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Tao la kweli lingeanguka. Mhandisi August Komendant aliyafanya mapaa hayo yabebe kama boriti ndefu, yakikazwa kwa nyaya za chuma ndani ya zege na kutua kwenye nguzo nne za pembeni. Chini ya upenyo yanang'inia mabawa ya alumini yenye vitundu, yanayourudisha mwanga juu kwenye zege. Zege la kijivu linageuka rangi ya fedha.

Komendant na Kahn waligombana sana. Bila ugomvi huo sidhani kama Kimbell ingesimama.

Anne Tyng na Harriet Pattison walikuwa nani kwake?

Kahn alikuwa na familia tatu kwa wakati mmoja. Na mkewe Esther walipata binti, Sue Ann. Na Anne Tyng, msanifu aliyeingia ofisini kwake 1945, alipata binti, Alexandra, aliyezaliwa Roma 1954 baada ya Tyng kuondoka Marekani kukwepa fedheha. Na Harriet Pattison, msanifu wa mandhari, alipata mwana, Nathaniel, aliyezaliwa 1962. Nathaniel ndiye aliyetengeneza filamu ya 2003 kuhusu baba aliyemfahamu kwa vipande.

Umbea una nafasi yake, ila unaficha jambo la kazi. Tyng alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuhitimu usanifu Harvard, na jiometri ilikuwa fani yake. Dari la Yale na piramidi za Trenton vina mkono wake waziwazi. Pattison alishiriki kwenye mandhari ya Kimbell na ya kumbukumbu ya Rais Roosevelt huko New York. Heshima ya Kahn ilipokua, majina yao yalibaki chini ya lake, na kwa miaka mingi hakuna aliyefanya haraka kurekebisha.

Alikufa vipi?

Jumapili ya tarehe 17 Machi 1974, akitoka India, moyo ulisimama ndani ya choo cha wanaume katika kituo cha treni cha Penn, New York, akiwa njiani kurudi Philadelphia. Alikuwa na miaka 73. Mwanawe amesimulia kwamba anwani ya nyumbani kwenye pasipoti ilikuwa imefutwa kwa kalamu. Polisi walipeleka taarifa ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa. Mwili ulikaa mochwari siku mbili hivi kabla ya familia kuupata. Gazetini aliandikiwa kuwa ameacha mke na binti mmoja.

Kwa nini alikufa na deni?

Deni lilikaribia nusu milioni ya dola. Kahn hakujua kuacha kuchora. Mteja angekubali mchoro, naye angerudi wiki iliyofuata na mwingine, akilipa wachoraji kwa ada ambayo ilikwishamalizika. Hatimaye jimbo la Pennsylvania lilinunua michoro na karatasi zake, wadai wakalipwa, na hazina hiyo ikahifadhiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako watafiti wanaitumia hadi sasa.

Nani alijifunza kwake?

Moshe Safdie na Renzo Piano walipitia ofisini kwake. Robert Venturi pia, kabla ya kushika njia yake. Doshi alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2018. Piano ndiye aliyejenga jengo jipya mbele ya Kimbell, lililofunguliwa 2013, akiwa na kazi ngumu ya kukaa uso kwa uso na mwalimu.

Majengo yake yako salama?

Mengi, ndiyo. Mbao za mtiki za Salk zilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa taasisi ya Getty. Ahmedabad ni hadithi nyingine: mwishoni mwa 2020 chuo kilitangaza kubomoa mabweni mengi kati ya 18, dunia ya wasanifu ikapiga kelele, mpango ukaondolewa siku chache baadaye, na 2022 uongozi ukalirudisha suala hilo mezani. Matofali yalikuwa yamenyonya maji, na tetemeko la 2001 liliyaumiza. Wahifadhi wanasema yanatengenezeka. Wenye chuo wanasema wanafunzi hawawezi kulala kwenye kumbukumbu.

Nina siku moja tu Marekani. Niende wapi?

New Haven, Connecticut. Jumba la sanaa la Yale la 1953 na kituo cha sanaa za Uingereza kilichofunguliwa 1977, baada ya kifo chake, vinatazamana barabara moja katikati. Moja ni kazi yake kubwa ya kwanza, lingine ni mojawapo ya zile alizoziacha mezani. Kuingia yote mawili ni bure. Kama una siku ya pili na uko New York, panda kwenda Roosevelt Island: ile kumbukumbu ya Rais Roosevelt aliyoichora miezi ya mwisho ilikaa kabatini karibu miaka 40 na kufunguliwa 2012.